Elki wa Pili wa Fundi Orrin

Saa kumi na moja alfajiri, taa ya kibanda cha Orrin Tveit inawaka peke yake upande huu wa barabara ya changarawe. Jiko la kuni limeshashika moto. Fundi amekaa kwenye stuli yake, miwani imeshuka puani, anaipaka mafuta bunduki isiyo yake kwa kipande cha fulana kuukuu.

Anavuta wenzo, kile kishikio cha chuma kilicho chini ya bunduki, mpaka mwisho, kisha anaurudisha. Kacha, kacha. Anainamisha kichwa na kusikiliza. Haridhiki. Anatia tone moja la mafuta kwenye bawaba, anavuta tena.

Ukutani nyuma yake kuna misumari miwili iliyoviringishwa ngozi. Kwa miaka thelathini na minne misumari hiyo ilibeba bunduki ya marehemu baba yake. Sasa haina kitu. Umebaki mstari mweupe kwenye mbao, mahali ambapo moshi wa jiko haukufika.

"Watu wakiingia wanatazama pale kwanza," anasema Orrin bila kugeuka. "Halafu wananitazama mimi. Halafu wanatazama buti zao."

Orrin ana miaka sitini na mitatu, na ndiye fundi bunduki pekee katika bonde la Haskett, Montana. Wiki tatu zilizopita alisimama mbele ya hakimu akakiri kosa la miaka mitatu nyuma. Aliua elki wawili, wale paa wakubwa wa milimani, akiwa na kibali cha mmoja, na yule wa pili akamwacha aoze. Bunduki ya baba yake ikachukuliwa. Akatozwa faini ya dola mia nane, akakatazwa kuwinda kwa miaka miwili.

Hayo anasema ameyapokea, tena ni machache. Kinachomwinamisha kichwa ni hii bunduki iliyo mapajani mwake asubuhi hii. Ni ya Wendell Sprague, dereva wa lori la kokoto, mtu aliyebeba lawama ya yule elki kwa miaka yote mitatu.

Leo ni Ijumaa. Kesho msimu unafunguliwa. Bunduki ya Wendell iko tayari, na Wendell hajasema kama atakuja kuichukua.

"Asipokuja leo, basi," anasema Orrin. "Amemalizana na mimi na amemalizana na bonde hili. Atarudi kwao Nebraska. Na atakuwa amefukuzwa na mimi, siyo na mtu mwingine."

Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, limening'inizwa fremu la kubebea nyama mgongoni. Mikanda yake ni mipya, imeshonwa kwa mkono.

Kazi ya Orrin ni ndogo na ya macho. Kwa mwaka hupitiwa na bunduki kama mia mbili, na zaidi ya nusu ni hizi za wenzo. Akitoa gharama zake hubakiwa na dola elfu ishirini na mbili hivi, na mkewe Sylvi hupika shuleni, ndivyo wanavyoishi. Tangu hakimu atoe hukumu, wateja kumi na mmoja wamekuja kuchukua bunduki zao kabla hazijatengenezwa. Mmoja alimwambia hana haraka, atampelekea fundi wa mjini. Mjini ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari.

Mtu ambaye hajakulia huku anaweza kujiuliza wanaona nini katika bunduki hizi. Siku hizi zipo za plastiki, zenye darubini ndefu kama chupa ya chai, zinazopiga mnyama ng'ambo ya bonde. Ya wenzo haifiki huko. Ukiwa nayo inabidi usogee, unyamaze, umkaribie mnyama mpaka umwone akitafuna.

Orrin ukimuuliza, anakuonyesha kwanza. Anaifuta bunduki ya Wendell, anaishika katikati kwa mkono mmoja, mkono ukiwa umening'inia kama mtu aliyebeba ndoo, na inatulia pale bila kuinamia mbele wala nyuma.

"Hii unatembea nayo kutwa nzima na huikumbuki," anasema. "Haina kitu kinachokuchoma. Ukimpanda farasi, inalala chini ya goti lako. Unaijaza risasi moja moja kwa kidole gumba, hapa pembeni kwenye hiki kidirisha. Kidole kinaumia. Tazama."

Anaonyesha kucha ya kidole gumba cha kulia. Ina mkwaruzo mweusi usiokwisha. Wazee wote wa bonde hili wanao mkwaruzo huo, na wakipeana mikono mahali pageni huutafuta kwanza, kabla ya kuulizana majina.

Risasi zenyewe huingia katika bomba lililo chini ya mtutu, zikalala zikifuatana, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Kwa sababu hiyo vichwa vyake hutengenezwa bapa, visije vikagonga na kulipuana humo ndani. Watu wa hapa huziita thelathini-thelathini. Kila nyumba inayo moja nyuma ya mlango.

Na ipo ile sauti. Orrin anasema akiwa mdogo alijua baba yake amerudi salama kwa sauti ya wenzo uani, mzee akitoa risasi zilizobaki, moja baada ya nyingine, zikidondoka kwenye ubao wa nyuma wa gari. Mama yake akizihesabu kutoka jikoni. Zikipungua moja, anaweka sufuria motoni.

Baba yake, Halvor Tveit, ndiye aliyemfundisha kupiga, na alimfundisha jambo moja kuliko mengine yote. Kuvuta wenzo ni sehemu ya kupiga. Usishushe bunduki begani, usingoje kuona umepata au umekosa. Piga, vuta, uwe tayari. Mzee alikuwa akisimama nyuma yake na kijiti, mkono ukichelewa anachapwa kwenye kiwiko.

Katika mashindano ya Jumamosi, hilo lilimfanya Orrin kuwa mtu wa kutazamwa. Mashindano yenyewe ni ya wanyama wa chuma waliosimamishwa kwa mistari: kuku, nguruwe, bata mzinga, na mwisho kabisa kondoo dume, hatua mia mbili na zaidi. Unaanza kushoto, unakwenda kulia, na mnyama lazima aanguke. Orrin aliwaangusha kondoo watano huku wenzake wakiwa bado wanamtafuta wa pili. Watu walikuwa wanaacha kahawa zao ili waje waone.

"Nilipenda kutazamwa," anasema. "Liandike hilo. Nilikuwa najifanya sisikii wanavyosema, na nilikuwa nasikia kila neno."

Alikuwa pia mwalimu wa darasa la wawindaji wapya, miaka kumi na tisa, bila malipo. Kila mwindaji chini ya miaka thelathini katika bonde hili amepita mikononi mwake. Wote wanakumbuka maneno yake ya somo la mwisho: kila mtu hukosea siku moja, ukikosea, usiguse kitu, piga simu kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, jitaje mwenyewe. Atakutoza kidogo na nyama itakwenda kwa wenye njaa. Ukificha, umekuwa mwizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, theluji ikianza. Orrin alikuwa peke yake katika korongo la shamba la Ione Baltzer, mjane anayefuga ng'ombe upande wa juu wa mto. Alikuwa na kibali cha elki jike mmoja. Wakatoka saba kwenye misonobari, wakasimama kwa mstari kando ya korongo, hatua tisini kutoka alipopiga goti.

Hapa fundi anaiweka bunduki mezani na kufuta mikono, ingawa mikono ni misafi.

"Walisimama kama wale wa chuma. Kushoto kwenda kulia. Nikampiga wa kwanza, mkono ukavuta, jicho likahamia kwa wa pili, nikapiga. Sikuamua. Ningekuambia niliamua ingekuwa afadhali. Mkono ulikuwa umeshafanya."

Elki akipigwa vizuri mara nyingi husimama kidogo kabla ya kulala. Basi Orrin akashusha bunduki, akamwona wa pili anaanguka kwanza, na wa kwanza anafuata. Majike wawili wazito kama ng'ombe, na kibali kimoja mfukoni.

Alimchuna wa kwanza. Alimfunga kibali sikioni kama sheria inavyotaka, akampakia vipande vipande mpaka giza likaingia. Wa pili alikuwa ametelemka mpaka chini ya korongo. Orrin alishuka, akasimama juu yake. Alikuwa na simu mfukoni, na juu ya korongo simu hushika mawimbi.

"Nikawaza darasa langu," anasema. "Nikawaza Jumamosi watu watasemaje. Tveit, mwenye mkono mwepesi, ameua elki kama mtoto aliyeachiwa bunduki. Nikasema nitarudi kesho. Nikakata matawi, nikamfunika."

Hakurudi kesho, wala keshokutwa. Zaidi ya kilo mia moja za nyama zilikaa pale. Siku ya tisa kunguru wakawa wengi juu ya korongo, na Ione Baltzer akatuma mtu aende kutazama.

Katika bonde hili mtu anaweza kulewa, anaweza kupoteza shamba, anaweza hata kuachana na mke, na bado akakaribishwa kwenye meza ya watu. Ukiacha nyama ioze, hakuna mlango unaofunguliwa. Wawindaji wengi hawana ardhi yao. Kila mwezi wa nane huenda kwa wenye mashamba, hubisha mlango wa jikoni, siyo wa mbele, huvua kofia na kuomba ruhusa ya kupita lango. Baada ya msimu hurudi na soseji au paja la nyuma. Mwenye shamba akikunyima, jirani zake watakunyima kabla hujafika, maana simu imeshakutangulia.

Siku ya kumi bwana nyama wa wilaya, Teague, aliingia katika kibanda hiki, akavua glavu, akaweka kitu juu ya meza hii. Kilikuwa kichwa cha risasi alichokitoa kwenye bega la yule elki. Alitaka msaada wa fundi.

Orrin anaeleza kwamba alikijua kabla hajakigeuza. Risasi zake huzijaza mwenyewe, na vichwa vyake hununua aina moja tu. Alikigeuza hata hivyo, akaweka miwani, akakisogeza kwenye taa. Akamwambia bwana nyama kwamba ni thelathini-thelathini, na nusu ya bonde wanayo.

Bwana nyama akaitikia. Kisha akauliza kama yule Sprague wa Nebraska anayo.

Wendell Sprague alikuwa amehamia Haskett miaka mitatu kabla ya hapo. Gari lake lilikuwa bado na namba za kwao. Tena mwaka wake wa kwanza alikamatwa na samaki wawili zaidi ya idadi, akalipa, na kila mtu alijua. Wiki ile ya theluji lori lake lilionekana karibu na korongo. Kila mtu alilijua na hilo.

Jibu alilolitoa Orrin lilikuwa la maneno machache, na kila neno lilikuwa la kweli. Bwana nyama akashukuru, akamwachia kile kichwa cha risasi, kwa kuwa hakikuthibitisha kitu, akaenda.

Wendell hakushtakiwa. Hakukuwa na ushahidi. Lakini mwezi wa nane uliofuata alibisha milango kumi na minne ya jikoni, na haikufunguka hata mmoja. Mwaka uliofuata alibisha sita. Mwaka huu hakubisha. Mkewe, Rochelle, alikuwa anapeleka mikate kwenye mauzo ya kanisa na kurudi nayo ilivyo.

Orrin alikitia kile kichwa cha risasi katika kopo la mafuta, akakifungia. Aliitundika bunduki ya baba yake kwenye misumari na hakuishusha tena. Watu walipouliza alisema macho yamechoka. Jumapili, waumini wenzake walipoinuka kwenda kupokea meza ya Bwana, yeye alibaki benchi la nne. Alisema ni goti. Waliokaa nyuma yake waliona kwamba goti hilo lilikuwa zima kabisa kwenye ngazi za kutokea, lakini hakuna aliyemuuliza. Mungu anajua wangapi kati yao walikuwa na goti la namna hiyo.

Mwezi wa nane mwaka huu, Wendell mwenyewe aliingia hapa kibandani na bunduki yake. Wenzo ulikuwa umelegea, ganda likikwama badala ya kuruka. Akasema itengenezwe iwe nzuri kwa sababu anataka kuiuza. Haina kazi kwake. Akamuuliza Orrin inaweza kupata bei gani.

Kisha, akiwa mlangoni, akasema jambo ambalo Orrin anasema hajalala vizuri tangu alisikie.

"Aliniambia, 'Mzee Tveit, mimi nimekuwa nataka nikushukuru. Hapa wote wamenisema. Wewe peke yako sijawahi kusikia umenisema vibaya.'"

Jiko linalia. Fundi anaongeza kuni mbili ingawa joto linatosha.

Kazi ya kukaza wenzo ule ilikuwa ya mchana mmoja. Aliifanya kwa wiki sita. Kila alipoifungua bunduki ile alikuta kitu kingine cha kusafisha. Sylvi ndiye aliyemkamata. Aliingia na chakula, akakuta bunduki imevunjwavunjwa kwa mara ya nne, akaweka sahani chini na kumuuliza mumewe anamtengenezea Wendell bunduki au anamficha kitu. Orrin akafungua kopo. Mkewe alisikiliza yote akiwa amesimama. Mwisho akasema neno moja tu, "Simu," akaenda mwenyewe kuileta.

Saa moja na nusu, mlango unagongwa. Orrin anainuka haraka, miwani inaanguka. Ni Ione Baltzer, miaka sabini na mmoja, ana sinia lililofunikwa kitambaa. Ndani yake kuna mikate ya mdalasini, bado ina mvuke.

"Amekuja?" anauliza Ione.

"Bado."

"Basi nakuachia hii. Akija mpe. Usile wewe."

"Sitakula, Ione."

"Nakujua. Utasema unaonja." Anaweka sinia mbali na stuli ya fundi. Hamwangalii Orrin, anaangalia ile misumari. Kisha anasema kwamba akili yake imekuwa ikienda kwenye siku Wendell alipobisha mlango wake. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Ione hakumruhusu hata kumaliza sentensi.

"Wewe ulidanganya, Orrin, na Mungu atakusamehe au hatakusamehe, hilo lenu," anasema. "Mimi hakuna aliyenidanganya. Nilitazama namba za gari nikafunga mlango. Nani atanitoza mimi faini?"

Fundi anamwambia anaweza kungoja, aseme mwenyewe. Ione anatikisa kichwa, anafunga koti. Anasema ng'ombe hawajala. Ng'ombe wake hulishwa saa kumi na mbili, na wote wawili wanajua.

Saa mbili inapita. Orrin anafagia sakafu iliyofagiliwa. Anaitoa bunduki ya Wendell nje ya kitambaa, anairudisha. Saa mbili na nusu. Gari la maziwa linapita, gari la posta linapita.

Saa tatu kasoro dakika tano lori la kokoto linaegeshwa nje. Wendell Sprague ana miaka arobaini na moja, ni mpana, anatembea taratibu. Anaingia bila kugonga. Hatazami misumari. Anakuja moja kwa moja mezani, anachukua bunduki yake, anavuta wenzo mara moja na kuangalia kama chumba kiko tupu, kama alivyofundishwa mtu yeyote mwenye adabu.

"Imekaa sawa," anasema.

"Imekaa sawa," anajibu Orrin. Kisha anasimama wima. "Wendell, yule elki nilimwua mimi."

"Najua. Gazeti linafika hata kwangu." Wendell hanyanyui macho kutoka kwenye bunduki. "Sijaja kusikia hilo. Hilo umeshamwambia hakimu. Nimekuja kusikia ulimjibu nini bwana nyama."

Orrin anashika ukingo wa meza.

"Aliniuliza kama unayo thelathini-thelathini."

"Ukasema?"

"Nikasema, 'Anayo. Nilimtengenezea mimi.'"

"Basi?"

"Basi. Na kichwa cha risasi yangu kilikuwa mkononi mwangu."

Wendell anatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha uzito wa kitu. "Maneno matatu," anasema. "Nilidhani umenisema saa nzima. Nilidhani angalau nimekugharimu jioni moja."

Uso wa fundi umekuwa mwekundu mpaka masikioni, na machozi yanashuka upande mmoja tu wa pua, naye hayafuti.

Kibanda hiki kina desturi yake: bunduki iliyotengenezwa haiondoki mpaka mwenyewe aipige risasi tano huko nyuma, kwenye kondoo wa chuma. Orrin hathubutu kuitaja. Ni Wendell anayefungua mlango wa nyuma na kuuliza risasi ziko wapi, au siku hizi kila mtu anakuja na zake.

Nje kuna baridi kavu. Wale kondoo watano wamesimama upande wa pili wa uwanja, wamepakwa rangi nyeusi mpya. Wendell anasukuma risasi moja moja kwa kidole gumba, ya mwisho inambana, anakung'uta mkono. Anapiga. Kondoo wa kushoto anaanguka, na mlio wa chuma unafika baadaye.

Wendell havuti wenzo. Anashusha bunduki, anatazama pale alipopiga, anatazama sana. Ndipo anavuta, ganda linaruka, anapandisha tena begani. Anafanya hivyo mara tano. Watatu wanaanguka, wawili wanabaki.

"Wewe ungewaangusha wote," anasema.

"Wote," anasema Orrin. "Na nisingemwona hata mmoja."

Ndipo fundi anasema kile alichokuwa akikipanga kwa wiki tatu. Anasema yeye hawezi kuwinda, lakini kutembea hajakatazwa. Anasema kesho angependa kupita kila shamba, kila mlango wa jikoni, aeleze mbele ya wenye nyumba, amwombee Wendell ruhusa.

Wendell anakataa kabla hajamaliza. Anasema haombewi na mtu. Hana kosa la kuombewa.

"Milango nitabisha mimi," anasema. "Kwa mkono wangu. Wewe utasimama nyuma yangu, chini ya ngazi, kofia mkononi, wakuone. Usiseme kitu mpaka uulizwe."

"Sawa."

"Na nikipata, nyama unabeba wewe."

"Nitabeba."

"Yote, mzee. Hata kama ni safari sita. Hata kama amelala chini ya korongo la Baltzer kulekule."

Orrin anageuka. Anaingia ndani, anapanda juu ya stuli, anashusha lile fremu kutoka kwenye boriti. Anarudi nalo mlangoni, na Wendell anaitazama mikanda mipya, mshono kwa mshono. Anavuta mmoja kwa nguvu kama anataka kuukata. Haukatiki.

"Ulishona lini?"

"Baada ya hukumu."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningekuja nalo kwako. Ungenifungia mlango, ningekaa nje nalo."

Wendell anaguna. Anafunua kitambaa cha sinia, anauliza mikate ya nani. Akisikia ni ya Ione Baltzer, anachukua mmoja, anaula wote akiwa amesimama, anaramba sukari kidoleni. Mwingine hampi Orrin. Analiweka sinia lote kwenye kiti cha lori, na bunduki juu ya magoti yake.

Alipoulizwa kama bado anaiuza, Wendell alisema ataamua mwezi wa kumi na mbili.

Orrin anasema hatarajii kurudishiwa darasa lake, wala hastahili kulidai. Bunduki ya baba yake haitarudi, serikali huziyeyusha. Misumari hataing'oa. Anataka wateja wakiingia waendelee kuitazama, na anayetaka kuuliza aulize, naye atajibu mpaka mwisho, bila kuruka jina lolote. Jumapili hii, Mungu akipenda, atainuka kutoka benchi la nne. Ila kabla ya hapo kuna kesho.

Lori limeshawashwa. Wendell anateremsha kioo.

"Saa kumi na moja," anasema. "Tunaanza kwa Ione."

"Lango lake lina barafu," anasema Orrin. "Nitatangulia nikalivunje."

"Hutatangulia," anasema Wendell. "Nimeshakwambia. Nyuma yangu."

Lori linaondoka. Fundi anabaki uani, fremu mgongoni, anakaza mkanda wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu anakwenda kwenye rundo la kuni, anapakia magogo mpaka magoti yanainama, na anaanza kutembea kuzunguka uwanja.